Unalipia Mlango: Mama Gundi, betri za simu na draya ya dada yake

Saa tatu asubuhi, saluni ina wateja wawili na draya moja. Mteja wa kwanza ana kichwa kilichooshwa, maji yanamchuruzika hadi kwenye kola. Mteja wa pili ni simu.

Simu imelazwa kifudifudi juu ya taulo. Anayeipuliza kwa draya ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Anazungusha mkono taratibu, hakai mahali pamoja. Kila baada ya muda anaiinua simu na kuigusisha shavuni.

“Ikikuchoma, umezidisha,” anaeleza. “Ikiwa baridi, bado. Ikiwa kama mtoto mwenye homa ndogo, hapo gundi imelegea.”

“Na kichwa changu je?” anauliza mteja anayechuruzika.

“Kichwa chako hakina gundi, mama. Vumilia kidogo.”

“Mteja huyo ni wangu!” inakuja sauti kutoka kwenye sinki. “Na hiyo draya ni yangu!”

Anayepima joto kwa shavu ni fundi wa kubadilisha betri za simu, mwenye umri wa miaka 38, mama wa watoto watatu. Mtaa mzima unamwita Mama Gundi, kwa sababu tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ni kuilaani gundi. Sauti ya kwenye sinki ni ya dada yake mkubwa, mwenye saluni, mwenye draya na mwenye neno la mwisho. Wateja humwita Madamu.

Na neno la mwisho limeshatoka. Leo Jumamosi, saluni ikifungwa, Mama Gundi ahame na bisibisi zake.

“Ameniambia Jumatatu nisionekane,” anasema Mama Gundi, huku akipenyeza kadi ngumu ya plastiki kwenye ukingo wa simu. “Sasa niende wapi? Vibanda vya kupanga wanataka kodi ya miezi sita mbele. Mimi hata ya kesho kutwa siioni. Na nikitandika meza barabarani, nitapata wapi umeme wa draya?”

Mwandishi wa makala haya aliomba pa kukaa, akaonyeshwa ndoo yenye mfuniko. Akakaa, akatoa kalamu, akauliza maswali matatu ya mwanzo. Ndipo Mama Gundi akamwambia kwa upole kwamba ndani ya ndoo hiyo kuna mchanga, na ndani ya mchanga kuna betri zilizovimba, kwa hiyo asitikisike sana. Mahojiano yaliendelea mwandishi akiwa amesimama.

Kwa waliosahau, kuna wakati betri ya simu ilitolewa kwa ukucha. Ulifungua mfuniko, ukaitoa, ukaipuliza, ukaisugua kwenye suruali, ukairudisha, na simu ikapona. Ikifa kabisa ulinunua nyingine kama mtu anavyonunua kiberiti.

Siku hizi betri imezikwa. Kuna gundi ya mfuniko wa nyuma, kuna skrubu ambazo jicho la mtu mzima halizioni, kuna waya bapa mwembamba unaokatika kwa kuangaliwa vibaya, halafu kuna gundi nyingine iliyoishika betri yenyewe kama kupe. Ukiteleza kidogo, kioo kinapasuka, na bei ya kioo inameza betri nne.

Hapo ndipo ugomvi na wateja unapoanzia.

“Anakuja mtu ananiambia, mama, ni betri tu,” anasema Mama Gundi. “Betri tu! Nikimtajia bei anashika kifua. Ananiuliza, mbona betri yenyewe ni bei ya kuku? Namwambia ni kweli, betri ni bei ya kuku. Lakini hulipii betri, unalipia mlango. Waliojenga hiyo nyumba wameweka godoro ndani, halafu wakaziba mlango kwa saruji. Sasa godoro limechoka. Godoro ni rahisi, baba. Shida ni kuupita ukuta bila kuuangusha.”

Kwenye maduka makubwa ya mjini, yale yenye kiyoyozi na wahudumu waliovaa tai, kubadilisha betri ya namna hiyo huweza kufika zaidi ya nusu ya bei ya simu. Wateja wengine hushauriwa wanunue mpya tu. Mama Gundi hutoza nusu ya bei ya duka. Ukishatoa betri, gundi, spiriti na vioo alivyovipasua mwenyewe akavilipia, mkononi hubaki kama robo ya alichotoza. Wiki nzuri hufungua simu ishirini. Wiki ya mvua, saba.

“Na katika hizo saba, mbili ni za mashemeji,” anasema. “Kwa hiyo tano.”

Hakuanza na simu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa msusi katika saluni hiihii, akifanya kazi chini ya dada yake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki na ndiye aliyemfundisha kushika kitana. Siku moja simu yake mwenyewe ikaanza kuzima kila inapopenda. Akaenda duka la mjini kuuliza bei ya betri.

“Walivyonitajia, niliinuka. Niliwaaga vizuri kabisa, nikawapa na mkono, kama natoka msibani,” anakumbuka.

Akaanza kuangalia video za mafundi wa mbali wakati wateja wakisubiri rangi ishike nywele. Mafundi wale walikuwa na sahani maalumu za kupasha moto, nyuzi maalumu za kukatia gundi na vibano maalumu vya kushikilia kioo. Yeye hakuwa na chochote maalumu. Akatazama huku na huku ndani ya saluni. Akaona draya. Akaona uzi wa kusukia. Akaona vibanio vya nywele, rangi ya waridi, boksi zima.

“Nikasema, kumbe kazi hii nimeisomea miaka yote bila kujua!”

Mpaka leo ndivyo anavyofanya. Draya inalegeza gundi, uzi wa kusukia unapitishwa chini ya betri na kuvutwa kushoto na kulia mpaka betri iachie, na vibanio vinabana kingo hadi gundi mpya ikauke. Simu zilizomaliza matibabu zimepangwa dirishani na vibanio vyao vya waridi, utadhani zina mwaliko mahali.

Simu ya kwanza kufunguliwa haikuwa yake.

“Yangu niliiogopa,” anakiri bila haya. “Ya mume wangu nikaona ndiyo ya kujifunzia.”

Betri ilibadilika vizuri. Kioo kilikuwa giza totoro. Mumewe, dereva wa lori, alikaa miezi kadhaa akipiga simu kwa kubahatisha, anabonyeza mahali anapokumbuka kwamba pana jina. Siku moja alitaka kumpigia mkewe. Akasikia simu imepokelewa, akasema kwa sauti laini: “Mpenzi, niwekee maji ya moto, leo huyu mzee amenichosha.”

Aliyekuwa upande wa pili ni huyo mzee.

“Bosi wake alicheka,” anasema Mama Gundi. “Au hakusikia vizuri. Hatujawahi kuuliza, na mshahara bado unaingia.”

Ukiuliza kwa nini leo anafukuzwa, unapata hadithi mbili, zote kwa sauti ya juu.

Juu ya sinki kuna rafu. Katika rafu hiyo huwa kuna mirija miwili myeusi, midogo, imefanana kama mapacha. Mmoja ni gundi ya kubandikia nywele za bandia. Wa pili ni gundi ya kubandikia mifuniko ya simu. Wiki iliyopita Madamu, ambaye miwani yake huivaa siku za sherehe tu, alimbandika mteja safu nzima ya nywele kwa gundi ya simu.

Mteja huyo ni mwalimu wa shule ya jirani. Siku ya kwanza alifurahi mno. Upepo haukumsumbua, mvua haikumsumbua. Akaisifia saluni kwa walimu wenzake. Kasheshe ilianza alipotaka kuzitoa. Maji ya moto yakashindwa. Mafuta yakashindwa. Sala ya kimoyomoyo, kwa maelezo ya mwalimu mwenyewe, nayo haikufua dafu.

Mwishowe ilibidi aitwe Mama Gundi. Akafanya anachojua. Akapuliza kwa draya, akapima joto kwa shavu lake juu ya kichwa cha mwalimu, akapenyeza uzi, akavuta kushoto, akavuta kulia, mwalimu akiwa ameuma taulo. Nywele zikatoka, pamoja na chache ambazo mwalimu alizaliwa nazo.

“Nywele zilitoka, na heshima ya saluni ikatoka nazo,” anasema Madamu. “Sasa nauliza: gundi ya simu inatafuta nini kwenye rafu ya nywele?”

“Dada, huo mrija una picha ya simu,” anajibu Mama Gundi. “Kubwa. Nyekundu.”

“Mimi nasuka watu tangu wewe hujaota meno. Siwezi kuanza leo kusoma mirija!”

“Lakini dada—”

“Mafahali wawili hawakai zizi moja.”

“Fahali ni wewe, dada. Mimi ndama tu, nimejibanza kwenye kona.”

“Ndama anayekunywa umeme wangu!”

Kuna jambo jingine, na hilo Mama Gundi analisimulia kwa sauti ya chini, dada yake akiwa nje anamwaga maji. Simu ya Madamu nayo betri yake imekufa, siku nyingi. Ukiichomoa kwenye chaja inazima papo hapo. Kwa hiyo inaning’inia ukutani kwa waya wake, na Madamu hupokea simu zake akiwa amesimama kauelekea ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Hataki mdogo wake aiguse.

“Anasema aliona nilichoifanyia ya shemeji yake,” anasema Mama Gundi. “Nilimnunulia betri nzuri, halisi, niliiagiza mbali. Niliilipa kwa kujinyima. Akaniambia irudishe ilikotoka. Iko pale kwenye droo mpaka leo, kwenye mfuko wake.”

Hacheki anapolisema hilo. Anaonekana kuumia, kisha anaokota bisibisi na kujifanya anatafuta skrubu.

Saa tano, anaingia bibi harusi.

Ni msichana mrefu, mwenye haraka, kafuatana na shangazi yake aliyebeba mkoba mkubwa kama wa mkunga. Madamu ameshavaa miwani. Bibi harusi anaoshwa, anakalishwa, na tangazo linatolewa kwa saluni nzima.

“Leo draya haigusi simu ya mtu. Kichwa kwanza. Anayetaka kupuliza simu apulize kwa mdomo.”

Mama Gundi anakaa kwenye kona yake na kuanza kufunga vifaa vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja. Kazi ya kichwa inaendelea vizuri. Upande wa kulia wa nywele umekauka na kunyooka. Upande wa kushoto bado umesimama wima kwa hasira. Ukimtazama bibi harusi kutoka mlangoni unaona harusi, ukimtazama kutoka dirishani unaona mtu aliyeamshwa kwa moto.

Ndipo simu yake inapozima.

Haizimi kwa utani. Inawaka, inaonyesha maua ya kukaribisha, inazima. Inachomekwa kwenye chaja, inawaka, maua, giza. Bibi harusi anaitazama, kisha anapiga ukelele uliowafanya watu wa duka la pili waje kuchungulia.

“Gauni langu!”

Inachukua muda kumwelewa. Fundi nguo wake amehamisha duka wiki hii. Ramani ya duka jipya iko kwenye ujumbe, na ujumbe uko ndani ya simu. Namba ya fundi iko ndani ya simu. Gauni lilikuwa liletwe hapa saluni saa tano na nusu, na saa tano na nusu imepita.

Shangazi, mtu wa vitendo, anaichomoa kadi ya simu na kuiweka kwenye simu yake mwenyewe. Namba hakuna hata moja. Zote zilihifadhiwa kwenye simu, si kwenye kadi.

“Basi tusubiri, atapiga yeye,” anasema shangazi.

Saluni nzima inamtazama kwa huruma. Fundi nguo anayempigia mteja simu bado hajazaliwa.

“Mwanangu, namba ya fundi huijui kwa kichwa?” anauliza Madamu.

“Hata ya mume wangu mtarajiwa siijui!” analia bibi harusi. “Betri nilijua imechoka. Nilienda duka la mjini, wakanitajia bei. Nikaona bora ninunue viatu kwanza, betri baada ya harusi.”

Mama Gundi ameshasimama. Anaichukua simu, anaigeuza, anaipima mkononi, anasoma maandishi madogo ya nyuma huku miwani ikimteleza.

“Ni betri tu,” anasema. “Nina betri inayoingia humu. Lakini nahitaji draya.”

Draya iko mkononi mwa Madamu, inanguruma. Kila mtu ndani ya saluni anajua kilichotangazwa, na Madamu si mtu wa kutangaza mambo mara mbili.

“Nimesema kichwa kwanza,” anasema Madamu.

“Kikaushe baadaye!” anasema bibi harusi. “Nitaolewa na kichwa kibichi, ila siwezi kuolewa bila gauni!”

“Kwenye kiti changu hakuna mtu anayeondoka na kichwa nusu. Hata siku ya kiama.”

Ni shangazi aliyepata ufumbuzi, na alikuwa hata hajui kuwa ameupata. “Jamani,” anasema, “si aishike tu hiyo simu hapo sikioni wakati anakaushwa?”

Mama Gundi anamtazama shangazi. Kisha anamtazama dada yake. Madamu anaangalia dari.

“Mimi nakausha nywele,” anasema Madamu taratibu. “Mtu akishika kitu karibu na nywele hizo, hilo si shauri langu.”

Basi ikawa hivyo. Bibi harusi ameketi wima, ameshika simu iliyokufa kando ya sikio la kushoto, kama anazungumza na mtu muhimu sana. Madamu anapuliza nywele. Upepo wa moto unapita kwenye nywele na kuishia kwenye mfuniko wa simu. Hakuna amri iliyovunjwa.

“Dada, zungusha kidogo nyuma ya sikio,” anasema Mama Gundi.

“Nilikuwa naelekea hukohuko.”

“Usikae mahali pamoja.”

“Unanifundisha kukausha nywele?”

“Bibi harusi, shavu linasemaje?”

“Linaungua!”

“Umezidisha, dada. Rudi nyuma.”

Madamu anarudi nyuma. Ni mara ya kwanza, kwa ushahidi wa wateja wa siku nyingi, kuambiwa arudi nyuma akarudi.

“Sasa?”

“Sasa kama homa ndogo.”

Mama Gundi ananyakua simu. Kadi ya plastiki inapita ukingoni, mfuniko unainuka na sauti ya kubandua plasta kwenye kidonda. Skrubu zinatolewa na kupangwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele. Waya bapa unachomolewa kwa ncha ya kitana. Halafu anaidondoshea gundi ya ndani matone ya spiriti, anapenyeza uzi wa kusukia chini ya betri, anaushika ncha zote mbili na kuanza kuvuta. Kushoto, kulia. Shangazi anavuta naye, mikono mitupu, bila kujijua. Bibi harusi amefumba macho.

Betri inaachia. Mama Gundi anaizika kwenye ndoo ya mchanga, anafungua droo, anatoa mfuko mdogo ambao haujawahi kufunguliwa, na kuuchana kwa meno.

Madamu anazima draya. “Hiyo betri ni ya nani?”

Mama Gundi hanyanyui uso. “Ilikuwa yako, dada. Simu zenu ni aina moja.”

Madamu anageuza shingo. Anatazama simu yake inayoning’inia ukutani. Kisha anawasha draya na kurudia kupuliza upande wa kulia, ambao ulishakauka zamani.

Betri inaingia, waya unarudi, skrubu zinarudi zote isipokuwa moja, ambayo itakuja kupatikana kwenye kisigino cha mwandishi. Shangazi anairudisha kadi, simu inawashwa. Maua yanatokea. Maua yanabaki. Kisha ujumbe unaanza kumiminika, mmoja juu ya mwingine, na shangazi anapiga vigelegele kama mtoto amezaliwa.

Bibi harusi anapiga namba, anaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

“Niko njiani,” anasema fundi nguo. “Nimefika karibu kabisa.”

Nyuma ya sauti yake, wazi kabisa, cherehani inakwenda kasi.

“Fundi, unashonea barabarani?” anauliza bibi harusi.

Cherehani inanyamaza. “Ni vifungo tu, dada yangu. Vifungo viwili.”

Shangazi hasubiri kusikia zaidi. Anaisoma ramani, anauchukua mkoba wake wa mkunga na kutoka kwenda kukaa mlangoni kwa fundi mpaka gauni liishe. Haikupita saa nzima, amerudi, gauni mkononi, vifungo vyote mahali pake, na fundi mwenyewe amemfuata nyuma akiwa bado na sindano kwenye ukosi. Anaomba radhi kwa kila anayemwona, pamoja na mwandishi.

Kichwa cha bibi harusi nacho kimekamilika, pande zote mbili. Mama Gundi anafunga kingo za simu kwa gundi, baada ya kuthibitisha picha kwenye mrija mara mbili, na kuzibana kwa vibanio vinne vya waridi.

“Usivitoe mpaka jioni,” anaagiza. “Gundi bado inashika.”

“Nitapigwa picha za harusi na vibanio?”

“Shika ua mbele ya simu, mwanangu. Nani atajua?”

Inafika zamu ya malipo. Mama Gundi anataja bei. Shangazi, aliyekuwa akipiga vigelegele muda si mrefu, anashika kifua.

“Eh! Kwa betri tu?”

Mama Gundi anavuta pumzi ili aanze somo lake la kila siku. Hawahi.

“Hulipii betri, shangazi,” inasema sauti ya Madamu kutoka kwenye kioo, mikono kiunoni, miwani ya sherehe usoni. “Unalipia mlango. Umemwona mwenyewe alivyoufungua, kwa uzi, na kioo hakina mkwaruzo. Huko mjini wangekutajia mara mbili, na wangekuambia urudi wiki ijayo, harusi ingekuwa imeshapoa. Lipa.”

Shangazi analipa. Anaongeza kidogo juu, pengine kwa uoga.

Jioni, wateja wa mwisho wameondoka. Madamu anafagia nywele za siku nzima. Mfuko wa Mama Gundi umefungwa, umekaa juu ya meza ndogo ya kwenye kona, na yeye mwenyewe amekaa kando yake, mikono mapajani. Hajui aage vipi. Mtu anamuaga vipi aliyemlea?

“Jumatatu,” anasema Madamu, akizungumza na ufagio zaidi kuliko na mtu.

“Jumatatu nini, dada?”

“Kuanzia Jumatatu hiyo kona ina kodi. Faida ya betri tano, kila mwezi. Mwisho wa mwezi mkononi, sitaki hadithi. Na mrija wako ukae kwako, usivuke meza.”

Mama Gundi anaanza kulia. Analia kwa sauti, kwa miwani, kwa mabega.

“Nini sasa?” Madamu anashtuka. “Ni nyingi? Basi, nne.”

“Tano, dada!”

“Nimesema nne zinatosha.”

“Umeshasema tano. Usinipunguzie! Tano hizohizo!”

Mwandishi amehudhuria mapatano mengi ya kodi. Hajawahi kumwona mpangaji akipigania kuongezewa.

“Huelewi,” anamwambia mwandishi, akijifuta kwa taulo la saluni. “Miaka yote hii nimekaa hapa kwa huruma. Kwanza nilikuwa mtoto wa kulelewa, halafu mdogo mtu mwenye kichaa cha simu. Anayekaa kwa huruma, siku huruma ikiisha, anatoka na mfuko wake. Sasa nalipa. Mtu anayelipa ana mahali.”

Mipango anayo tele, na imeanza kumtoka kabla machozi hayajakauka. Mwezi huu, meza yenye droo za kufunga kwa ufunguo. Mwezi ujao, betri nyingine ya kuagiza mbali, ya ile simu ya ukutani, na safari hii mwenye simu amekubali, kwa masharti, kwamba atasimama pale pale akiangalia mwanzo mpaka mwisho. Baadaye, draya yake mwenyewe. Na kibao mlangoni, kisicho kikubwa, kinachosema tu kwamba humu ndani betri zilizozikwa zinafukuliwa.

Anafungua mfuko na kuanza kurudisha vifaa vyake mezani, kimoja kimoja. Akifika kwenye bisibisi ya mwisho anainua uso.

“Mama mwenye nyumba.”

Madamu anageuka kuangalia nani ameingia. Hakuna aliyeingia. “Unaniita mimi?”

“Bati linavuja hapa kwenye kona. Juu ya meza kabisa. Siku za mvua nashindwa kufungua simu, nakaa nimezikumbatia kifuani. Litatengenezwa lini?”

“Linavuja? Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Miaka yote hiyo! Kwa nini hukusema?”

Mama Gundi anaipangusa bisibisi kwa upindo wa gauni na kuiweka mahali pake.

“Nilikuwa mgeni, dada.”

Madamu anaacha kufagia. Anauegemeza ufagio ukutani, anavuta kiti cha wateja, anavua viatu na kupanda juu yake, kisha anaanza kuyapapasa mabati kwa kiganja, moja baada ya jingine, akitafuta tundu.